Somo: Namna Akili Inavyopata Maana ya Neno



Wapendwa wasikilizaji, ninyi mlioko katika milima ya Masisi, na ninyi mkaao katika misitu ya Walikale kando ya mto Lowa, nawasalimu nyote. Leo tutasema juu ya akili ya mtu, namna inavyojifunza. Labda mmoja atauliza: «Jambo hili lamfaa nini mkristu?» Ngojeni kidogo, mtaona.

Siku moja niliwauliza wakatekumeni wangu: «Jirani ni nani?» Mtoto mmoja akasimama, akajibu pasipo kukosa hata neno moja: «Jirani yetu ni kila mtu, hata adui.» Nikafurahi. Baada ya mafundisho watoto wakaenda kunywa maji mtungini. Akaja mtoto wa wale waliokimbia vita, waliofika kijijini kwetu juma lile. Yule mwanafunzi wangu hodari akaficha kikombe nyuma ya mgongo. Nikamwuliza: «Mbona unamnyima jirani yako maji?» Akanitazama kwa mshangao, akasema: «Mwalimu, huyu si jirani. Huyu ni mtu wa kule.»

Je, mtoto yule alisema uongo darasani? Hapana. Alikuwa na neno, lakini hakuwa na maana yake. Na kosa lilikuwa langu kuliko lake, kwa sababu nilimfundisha kutamka, sikumfundisha kufahamu.

1. Akili hufanyaje kazi?

Mtazameni mtoto mdogo wa Masisi. Anamwona ng'ombe malishoni, na mama yake anasema: «Ng'ombe.» Kesho anamwona mbuzi, naye anapiga kelele: «Ng'ombe!» kwa sababu ana miguu minne na pembe. Mama anacheka, anamwambia: «Hapana, huyu ni mbuzi.» Halafu anamwona ng'ombe mweusi, mwingine mwenye madoa, mwingine asiye na pembe, na ndama pia. Kidogo kidogo akili yake inaacha rangi, inaacha ukubwa, inashika yale tu yanayopatikana kwa ng'ombe wote. Hapo ndipo wazo linapozaliwa. Tangu siku ile atamtambua hata ng'ombe ambaye hajamwona kamwe.

Mtoto wa Walikale hujifunza vilevile msituni. Mama yake humwonyesha uyoga unaoliwa, na tena humwonyesha ule unaofanana nao wenye sumu. Humwambia: «Tazama huu, na tazama ule.» Maana kulijua jina la uyoga tu hakutoshi. Anayejua jina lakini hajui kutofautisha, anaweza kuleta kifo nyumbani.

Basi akili ina kazi tatu: kuona, kulinganisha, na kutenga. Huona mifano mingi. Hutafuta yaliyo sawa. Tena hutenga kisichokuwamo. Mtakatifu Tomasi wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba ujuzi wetu huanzia katika macho, masikio na mikono, na akili huchota humo yaliyo ya wote.

Fahamuni tena kwamba wazo si neno. Kitu kimoja chaitwa hivi kwa Kihunde, vingine kwa Kinyanga, vingine kwa Kinyarwanda, vingine kwa Kiswahili, na shuleni kwa Kifaransa. Sauti hubadilika, wazo hubaki lile lile. Na kinyume chake, neno laweza kukaa mdomoni miaka mingi pasipo wazo ndani yake, kama mtungi usio na maji.

Jambo hili alilifikiri sana Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, aliyezaliwa Tagaste mwaka 354, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo alieleza namna mtoto anavyojifunza kusema: huwatazama wakubwa wanapotaja kitu na kukigeukia. Tena aliandika kitabu juu ya mwalimu, akiongea humo na mwanawe Adeodato. Alionyesha kwamba maneno peke yake hayampi mtu ujuzi. Humwamsha tu apate kutazama. Na anayetuangazia kweli rohoni ni Kristu, Mwalimu wa ndani.

2. Akili hukosaje?

Akili hukosa inapofanya haraka. Mtoto aliyeumwa na mbwa mmoja huogopa mbwa wote. Ameona mfano mmoja, naye akaufanya kanuni.

Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, katika Walikale, yakaenea mpaka Masisi. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Kila jioni nilisikia wakubwa wakitaja jina la kabila fulani, na pamoja na jina hilo habari ya nyumba zilizochomwa. Hakuna aliyenifundisha kuchukia. Lakini akili yangu ilifanya kazi yake: ikaunganisha jina lile na moto. Wakati ule ule nilijua kwa moyo amri ya kumpenda jirani. Kwangu mimi jirani alikuwa mtu wa kilima chetu, asemaye lugha yetu. Maneno mawili yalikaa katika kichwa kimoja, wala hayakugombana, kwa kuwa hakuna aliyeyakutanisha.

Yalikutana siku tulipokimbia. Usiku mmoja, mvua ikinyesha, mama mmoja alitufungulia mlango, akatupa viazi vya moto, akamlaza mdogo wangu karibu na moto wake. Asubuhi nilimsikia akiongea na watoto wake, nikajua ni wa kabila lile. Nilikaa kimya njia nzima. Wazo langu la kale lilikuwa limevunjika, wala sikuwa bado na jipya.

3. Bwana wetu alifundishaje?

Mwana-sheria mmoja alimwuliza Yezu jirani yake ni nani. Someni Injili ya Luka, sura ya 10. Yezu hakumpa maneno ya kukariri. Alimsimulia habari ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, ya kuhani na Mlawi waliopita, na ya Msamaria aliyesimama. Wasamaria na Wayahudi hawakupendana. Basi Yezu alichagua mfano ule ambao mwana-sheria asingeuchagua kamwe. Kisha akamwuliza yeye mwenyewe: katika hao watatu, yupi alikuwa jirani? Alimwachia akili yake ilinganishe na kutenga.

4. Sisi tufanye nini?

Ninyi wazazi na wakatekista wenzangu, sikatai kukariri. Neno lililokaririwa ni ghala; lakini ghala lataka nafaka. Basi anzeni na kile mtoto anachokiona. Mpeni mifano mingi isiyofanana. Mwonyesheni pia kile kisichokuwa. Mwisho mwambieni: «Sasa nipe mfano wako mwenyewe.» Mtoto asipoweza, msimpige, bado wazo halijazaliwa, rudini nyuma pamoja naye.

Nilifanya hivyo na mtoto wa kikombe. Nilimsimulia habari ya mama yule na viazi vyake, nikamwomba mfano wake. Alikaa kimya juma zima. Jumapili baada ya Misa alinijia, akasema: «Mwalimu, mama yule aliyewapa viazi, kwake ninyi mlikuwa watu wa kule.» Sikuongeza neno.

Maswali ya kurudia nyumbani

Swali: Je, kujua neno ni kujua maana yake?
Jibu: Hapana. Neno laweza kukaa mdomoni pasipo wazo.

Swali: Akili hupataje wazo?
Jibu: Huona mifano mingi, huilinganisha, hushika yaliyo sawa, hutenga yaliyo mbali.

Swali: Akili hukosa lini?
Jibu: Inapofanya mfano mmoja kuwa kanuni ya watu wote.

Swali: Jirani yako ni nani?
Jibu: Hili usilikariri. Taja mtu mmoja uliyemwona juma hili.