Aliyetangaza Ajulikane

Ndugu wasikilizaji, siku hizi kila mwenye simu ni mtangazaji. Wiki hii tuulizane: redio na gazeti vimebaki na kazi gani?

Nilipokuwa mgeni kazini, nilisoma hewani tangazo la kifo cha mzee mmoja. Karatasi ililetwa mapokezi na mtu ambaye hakuna aliyemwuliza jina. Nduguze walikodi basi usiku uleule, wakaenda kijijini na sanda. Walimkuta mzee shambani, jembe mkononi.

Siku ya tatu alikuja mwenyewe kituoni. "Mwanangu, ndiwe uliyeniua?" Nilimwamkia shikamoo, nikakosa la kuongeza. Jioni ile, saa ileile ya matangazo ya vifo, nilitaja jina langu, nikakiri kosa na kumwomba radhi. Mzee alisikiliza akiwa pale mapokezi, kisha akaaga akarudi kwao. Tangu hapo hatukusoma tangazo la kifo lisilo na barua ya serikali ya mtaa au kijiji.

Redio hukosea, na gazeti hukosea. Lakini mzee yule alijua mlango wa kubisha. Uvumi wa kwenye simu utambishia nani? Kila aliyeusambaza atasema naye aliletewa.

Sisemi kwamba vyombo vyetu ni vitakatifu. Mwaka 1973 hapa Tanzania, kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia redio, na watu wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi kujifunza kujikinga na maradhi. Mwaka 1994, kwa jirani zetu Rwanda, redio RTLM ilichochea mauaji ya kimbari. Hata hivyo, waliohusika walijulikana. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo na mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya mwaka 2007 iliwapunguzia vifungo, lakini haikuwaachia huru.

Kwa hiyo nawaambia wenzangu wa chumba cha habari: tukishindana na simu kwa haraka, tutashindwa. Tuulize kwanza, tusome baadaye. Nawe msikilizaji, ukiletewa habari nzito, uliza nani kaisema na anapatikana wapi. Nasi tukikosea, mlango wetu mnaujua. Njooni mbishe.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.