Refa Hakuona

 

Leo nina jambo la kuungama, nami nitalifikia kwa njia ya mpira. Mimi ni mpenzi wa michezo tangu utoto wangu. Sitawahubiria juu ya wale wanaoacha ibada kwa ajili ya mpira. Hayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi, na mwenye hatia hiyo labda ameizima redio tayari.

Ilikuwa mwezi wa Aprili. Siku ya Jumamosi, saa kumi na moja jioni, niliketi mbele ya televisheni pamoja na mwanangu mdogo, tukingoja mpira kutoka Uingereza. Kabla timu hazijaingia uwanjani wakaonyesha picha za zamani, na mojawapo ilikuwa ile ya tarehe 22 Juni 1986, katika uwanja wa Azteca, mjini Mexico, Argentina walipocheza na Uingereza katika Kombe la Dunia. Wengi wenu mnaijua. Mpira ulipaa mbele ya lango, kipa Peter Shilton akaruka, na Diego Maradona, aliyekuwa mfupi kuliko yeye, akaruka pia, akausukuma wavuni kwa mkono wa kushoto. Waingereza wakamkimbilia refa wakimwonyesha mikono yao. Refa hakuona. Bao likahesabiwa, Argentina wakashinda 2 kwa 1, na mwishowe wakalichukua Kombe lenyewe. (Lakini haki isemwe: bao lake la pili siku ile alilifunga kwa mguu, akiwapita watu mmoja baada ya mwingine, nami sijaona zuri kuliko hilo.)

Mwanangu akaniuliza, "Baba, kwani refa asipoona inakuwa bao?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Asipoona, ni bao."

Mpira ukaanza, tukayasahau hayo. Au mimi niliyasahau.

Kesho yake nilikwenda kanisani, nikasoma somo la kwanza, nikarudi nyumbani. Usiku huo kulikuwa na gofu kutoka Augusta, kule Marekani, na kwa sababu ya tofauti ya saa ilinibidi kukesha hata saa nane ya usiku. Najua wengine mwasema gofu ni mchezo wa matajiri. Labda ni kweli, lakini kuutazama hakuna malipo zaidi ya usingizi.

Kwa wasioujua mchezo huu: kila mchezaji hujaribu kuingiza kijimpira katika mashimo 18 kwa mapigo machache awezavyo. Uwanja ni mkubwa kama shamba la mlowezi, una miti na maji, na hakuna refa wa kumfuata kila mtu nyuma. Mwisho wa mchezo mchezaji hutia sahihi kadi yake. Akiwa ameandika mapigo machache kuliko aliyoyapiga katika shimo lolote, huondolewa katika mashindano.

Usiku ule nikamkumbuka Bobby Jones, mmoja wa waanzilishi wa uwanja huo wa Augusta, ambao mashindano yake yalianza mwaka 1934. Mwaka 1925, katika mashindano makuu ya Marekani mjini Worcester, mpira wake ulikuwa umelala kwenye majani marefu. Alipokuwa akijiweka tayari kupiga, ukasogea kidogo tu. Hakuna aliyeona. Yeye mwenyewe akawaambia wakubwa wa mashindano, nao walipouliza hawakupata shahidi hata mmoja, wakamwachia neno hilo mwenyewe. Akajiandikia pigo moja la adhabu. Mwisho wa mashindano akawa sawa na Willie Macfarlane, wakacheza tena, na Macfarlane akamshinda kwa pigo moja. Lile pigo asiloliona mtu ndilo lililomnyima ushindi.

Hapo, ndugu zangu, nyumba ikiwa kimya na watoto wamelala, nikakumbuka kadi yangu.

Mwezi wa Februari kanisa letu lilinituma Nakuru kwa mkutano wa siku mbili. Niliporudi nikaandika hesabu ya safari: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, chakula, na malazi ya usiku mmoja, shilingi 1,500. Sahihi yangu nikaitia chini. Lakini sikulala hotelini. Nililala kwa shemeji yangu, tena akanichinjia kuku. Nilijiambia kwamba kila mjumbe amepewa malazi, basi nami ni haki yangu. Fedha zile zilitoka katika sadaka, na katika sadaka ya kwetu nusu ni sarafu.

Mnamkumbuka Zakayo, katika Luka sura ya 19. Alipanda juu ya mkuyu kama vile vijana wapandavyo miti nje ya uwanja, wasio na fedha za kiingilio. Yeye alitaka kutazama tu, Yesu apite naye ashuke aende zake kwa hesabu zake. Hakujua kwamba chini ya ule mti angesimama Mtu amwinulie macho na kumwita kwa jina. Nami nilikuwa juu ya mkuyu wangu siku mbili nzima, nikiwahukumu Waargentina.

Siku ya Jumatatu nikaenda kwa mama mweka hazina wetu, nikaweka shilingi 1,500 juu ya meza, nikamweleza. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, hesabu ya mwezi ule imekwisha kusomwa mbele ya kanisa. Nikiipokea fedha hii, itabidi isomwe tena, pamoja na sababu yake."

Sikuwa nimelifikiri hilo. Nakiri kwamba nilitazama zile noti, na mkono wangu ukatamani kuzirudisha mfukoni. Yeye naye hakuniharakisha. Akafungua kitabu cha risiti, akashika kalamu, akangoja.

Nikamwambia, "Andika, mama."

Jumapili iliyofuata hesabu ikasomwa mara ya pili. Nilikuwa nimeketi mbele pamoja na wazee, mahali pangu pa kila siku. Jina langu lilipotajwa sikugeuka nyuma. Lakini mwanangu alikuwa upande wa watoto, karibu na dirisha, nami nilimwona ameinua kichwa, ananitazama.

Bwana awe nanyi leo na siku zote. Kwaherini.