Nani Anabeba Mzigo wa Riba? Mikopo ya Nyumba na Kinga ya Benki
Mada kwa maofisa wa mikopo, Gisenyi



Mikataba mingi ya mikopo ya nyumba ina kifungu kimoja ambacho mteja hukipitishia macho tu: benki inaweza kubadilisha riba kulingana na hali ya soko. Hoja yangu leo ni kwamba kifungu hicho ndicho kinga yetu riba zinapopanda, na anayeigharamia ni mteja.

Tatizo mnalijua. Mkopo ni wa miaka 15, amana zinazoubeba ni za siku chache. Mama anayevuka mpaka wa Petite Barrière huweka pesa Jumatatu, Alhamisi anazitoa kununua mzigo wa Goma. Halafu riba hazitulii: kati ya Februari 2022 na Agosti 2023 Benki Kuu yetu ya Rwanda ilipandisha riba yake kutoka asilimia 4.5 hadi 7.5.

Wenzetu wa masoko makubwa hutumia swapu, yaani mkataba wa kubadilishana riba. Tupige hesabu ya kubuni. Umekopesha faranga milioni 40 kwa asilimia 15 isiyobadilika, amana zinakugharimu 9. Pengo ni milioni 2.4 kwa mwaka. Amana zikifika 12, linabaki milioni 1.2. Sasa ingia swapu: unamlipa mwenzako asilimia 10 kila mwaka, yeye anakulipa riba ya dhamana za serikali za muda mfupi, tuseme 8. Mwanzoni unatoa laki nane, unabaki na milioni 1.6. Riba ya dhamana nayo ikipanda hadi 11, unapokea laki nne, na ile 1.2 inakuwa 1.6. Riba zikishuka zote kwa pamoja, bado ni 1.6. Hapo ndipo wakurugenzi hunung'unika kwamba kinga inakula faida. Silicon Valley Bank ya Marekani ilijiondoa kwenye swapu zake nyingi mwaka 2022. Riba zikaendelea kupanda, na Machi 2023 ikaanguka.

Je, hapa swapu utainunua kwa nani? Benki zote zingetaka upande uleule, wa kulipa riba isiyobadilika. Mwenye haja ya kinyume ni mfuko wa pensheni, nao hujinunulia hatifungani za serikali moja kwa moja. Kwa hiyo njia iliyobaki ni kutafuta fedha za muda mrefu. Kenya ina KMRC, Tanzania TMRC, kampuni zinazozikopesha benki fedha hizo. Kwetu BRD, benki ya maendeleo, huzipa benki fedha za Gira Iwawe, mpango wa mikopo ya nyumba nafuu ulioanza kwa fedha za Benki ya Dunia, na mkopaji analipa asilimia 11 hadi miaka 20. Ni nzuri, ila si kila mteja anaingia humo.

Kwa waliobaki nje napendekeza jambo moja: kifungu kile kifungwe kwenye riba ya Benki Kuu, na kiwe na ukomo, tuseme pointi tatu juu ya riba ya kuanzia. Ukomo huo nao ni kinga, na penye soko huuzwa kwa bei. Sisi tutalazimika kuukadiria wenyewe na kuuingiza kwenye riba tangu siku ya kwanza, mteja akiuona.