Mpunga na Kahawa ya Vietnam

Leo tuzungumze habari za Vietnam. Nchi hiyo iko mbali, huko Asia. Lakini kahawa yao na kahawa yetu zinakutana katika soko moja, kwa hiyo mambo yao yanatuhusu.

Vita vya Vietnam vilikwisha mwaka 1975. Baada ya hapo serikali ilitaka kilimo cha ushirika kienee nchi nzima. Wakulima walilima pamoja, wakaandikiwa alama za kazi, na mavuno yakagawanywa kwa alama hizo. Serikali ilinunua mpunga kwa bei ndogo. Sasa, aliyelima vizuri na aliyelima vibaya walipata karibu sawa. Nani ataamka alfajiri? Nchi yenye mabonde makubwa ya mpunga ikawa inaagiza chakula kutoka nje! Mwaka 1986 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 400. Yaani kitu cha shilingi 10, baada ya mwaka mmoja kilitaka zaidi ya shilingi 50.

Desemba 1986 chama kinachotawala kilipitisha mageuzi yaitwayo Doi Moi, maana yake kufanya upya. Mwaka 1988 kila kaya ikapewa shamba la kulima yenyewe kwa miaka mingi. Ardhi haikuuzwa, ilibaki mali ya umma. Ila mkulima akishatoa kodi na fungu la ushirika, mpunga uliobaki ni wake, auze apendapo. Basi mwaka 1989 Vietnam iliuza nje zaidi ya tani milioni moja za mchele. Tusidanganyane, mbegu bora na mifereji vilisaidia pia. Lakini mbegu hupandwa na mtu, na mtu huyo sasa alikuwa na sababu ya kupalilia.

Kisha ikaja kahawa. Watu wengi walihamia nyanda za juu, mkoa wa Dak Lak, wakafyeka misitu na kupanda robusta. Mwaka huo huo wa 1989 mapatano ya dunia yaliyokuwa yakiipangia kila nchi kiasi cha kahawa ya kuuza yalivunjika. Mlango ukawa wazi. Kufikia mwaka 2000 Vietnam ilikuwa ya pili duniani kwa kahawa, nyuma ya Brazil. Nchi iliyokuwa na kahawa kidogo tu miaka ya nyuma, ati leo ya pili!

Kahawa ikajaa sokoni kupita wanywaji. Mwaka 2001 bei ilianguka, ikawa ya chini kuliko miaka mingi iliyotangulia. Wakulima wa Dak Lak waling'oa mibuni waliyoipanda juzi tu. Na mkulima wa robusta kule Kagera, ambaye hakuongeza hata mche mmoja, naye akaangukiwa na bei ile ile. Soko halikumwuliza.

Vietnam haikuufunga mlango. Iliendelea kuuza mchele, kamba, nguo na viatu, na Januari 2007 ikaingia katika Shirika la Biashara Duniani. Huko Dak Lak wakulima wengi sasa wanachanganya kahawa na pilipili manga na miti ya matunda, ili zao moja likianguka lingine lisimame. Mzee wa Bukoba akisikia hayo atacheka kidogo. Kibanja chake kina migomba na mibuni pamoja tangu enzi za babu yake.