HOTUBA KUHUSU KURA ZA KADI ZA KUTOBOLEWA
(Iliyotolewa mbele ya makarani wa uchaguzi, Buhembe, Bukoba)



Nimetakiwa kueleza namna Wamarekani walivyokuwa wakipiga kura kwa kutoboa kadi, na sababu ya utaratibu huo kuachwa.

Kadi yenyewe haikuwa na majina ya wagombea, bali nambari tu. Mpiga kura aliichomeka chini ya kijitabu chenye majina, akasukuma kijiti chenye ncha mahali alipoelekezwa na mshale. Kipande kidogo cha karatasi kikadondoka, pakabaki tundu. Baadaye kadi zilipitishwa katika mashine, na mwanga ulipopenya tunduni, kura ikahesabiwa. Zilianza kutumika katika jimbo la Georgia mwaka 1964, zikasifiwa kwa wepesi wa kuhesabu.

Taabu ilikuwa katika kile kipande. Kikining'inia kwa pembe moja, huweza kuliziba tundu tena, na mashine isione kitu. Mwaka 2000, huko Florida, watu karibu milioni 6 walipiga kura, na George W. Bush akatangazwa kumshinda Al Gore kwa kura 537. Maafisa wazima, wenye elimu yao, waliinua kadi moja moja kwenye taa wakibishana: je, hapa pametobolewa, au pamebonyea tu? Tarehe 12 Desemba Mahakama ya Juu ilisimamisha hesabu hiyo ya marudio. Sheria ya mwaka 2002 ikatoa fedha za kuziondoa mashine hizo.

Tusiwacheke. Januari 1961 kiti cha Chake Chake, Pemba, kilipatikana kwa kura 1.

Wazee wa hapa Buhembe wanakumbuka jembe na nyumba, alama za wagombea ubunge tangu mwaka 1965. Asiyejua kusoma alilijua chaguo lake. Karatasi ya leo nayo ina picha, jina na chama. Inajieleza yenyewe, jambo ambalo kadi ile haikuweza. Lakini faida hiyo hupotea karani akiikunja upesi. Kura zinahesabiwa kituoni, mbele ya mawakala. Basi kila karatasi ionyeshwe kwao wazi kabla ya kuwekwa katika fungu lake, hata kama ni usiku na taa ya chemli inafifia.

Sasa tugawane karatasi za mazoezi. Tutaanza na zile ambazo alama yake imepita mstari.