KUMTUNZA MZEE NYUMBANI NI KAZI



Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Siku hizi familia nyingi zinaijua kazi ya tatu: kumlea mzazi aliyezeeka.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi katika Tanzania nzima, na idadi yao imezidi kukua tangu hapo. Jambo hili si la kusikitikia. Ni matunda ya zahanati, chanjo, maji safi na elimu, mambo ambayo Taifa limeyapigania tangu Uhuru. Lakini kila ushindi huja na wajibu wake. Uzee huandamana na shinikizo la damu, kisukari na kiharusi, maradhi yasiyokwisha kwa kulazwa hospitali wiki moja. Mgonjwa huruhusiwa kurudi nyumbani, na huko ndiko kazi inakoanzia.

Wakati huo huo nyumba yenyewe imebadilika. Vijana wamehamia mijini. Mume na mke wote wana ajira. Mzee ambaye zamani angeuguzwa kwa zamu na wanawe, wakaza wana na wajukuu, leo mara nyingi amebaki na mtu mmoja tu.

Chukueni mfano wa mwalimu mstaafu wa kijijini aliyepooza upande mmoja. Wanawe watatu wako Dar es Salaam, Mwanza na Dodoma. Kila mwisho wa mwezi hutuma fedha kwa simu, tena kwa moyo safi, na kila mmoja hujiona amekwisha kutimiza wajibu wake. Lakini fedha haimgeuzi mgonjwa kitandani. Anayemgeuza ni mjukuu wa kike wa miaka 14. Na wa kwanza kuyaona matokeo si mwana aliye mjini, bali ni mwalimu wa darasa, anayeliona dawati tupu.

Hapo ndipo penye kosa. Kazi hii imehesabiwa kuwa ni huruma ya wanawake, wala si kazi. Kwa hiyo hutupiwa yule asiyeweza kukataa: mjukuu, mkaza mwana, au binti aliyeletwa kupika na kufua, ambaye huongezewa mgonjwa bila kuongezewa mshahara.

Na ni kazi yenye ujuzi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza yafaa ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya mgongo, nyonga na visigino huchubuka na kuwa vidonda vigumu kupona. Mwenye kiharusi hulishwa akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, ili chakula kisiingie katika njia ya hewa. Dawa za shinikizo la damu hazikatizwi kwa sababu tu mzee amejisikia nafuu. Hata kumwogesha kuna adabu yake, kwani mwili ulioishiwa nguvu haujaishiwa haya. Mambo hayo hakuna anayezaliwa nayo; hufundishwa.

Misingi ya kuifanya kazi hii ipo. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipomtaka kila mwenye nguvu aishi kwa jasho lake, liliwatoa katika sharti hilo watoto wadogo na wazee wasiojiweza. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003. Zanzibar ilianzisha pensheni ya wazee wote wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa wasio na ndugu, yapo makazi kama ya Sebleni, Unguja, na Nunge, Kigamboni. Kilichobaki ni kuifikisha misingi hiyo mpaka kando ya kitanda.

Kwanza, elimu. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mhudumu anapobisha hodi katika nyumba yenye mzee mgonjwa, asiishie kumjulia hali mgonjwa. Amfundishe pia yule anayemtunza.

Pili, haki. Anayeajiriwa kumtunza mzee ni mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, mapumziko ya wiki na likizo ya mwaka yenye malipo. Mtumishi wa umma anayeidai haki hiyo ofisini hana budi kuitoa nyumbani kwake.

Tatu, zamu. Kikao cha ukoo kisigawe michango ya fedha peke yake. Kigawe na siku, kwa wana wa kiume na wa kike sawasawa. Likizo isiwe ya harusi na misiba tu. Wiki moja ya mwana kando ya kitanda cha baba humrudisha mjukuu darasani. Na mwalimu anayeliona dawati tupu aulize ni nani mgonjwa huko nyumbani kabla ya kumwita mtoto mtoro.

Ndugu, watumishi wengi huihesabu miaka iliyobaki kufikia 60, na huhesabu pensheni na kiinua mgongo. Hesabu hiyo ni ya haki. Lakini kiinua mgongo cha fedha hakimwinui mtu kitandani. Humwinua mkono wa mtu mwingine, na mkono huo unastahili kufundishwa, kulipwa na kupokewa zamu.