Oili Inapopoa Kijiweni: Mazungumzo na Madereva na Wenye Vyombo vya Moto wa Mtoni



Tumekuja kuzungumza juu ya bidhaa ambayo mteja huilipia fedha taslimu, huimimina mahali asipopaona, kisha huitegemea kwa riziki yake yote. Bidhaa hiyo ni mafuta ya kulainishia injini, ambayo sote twayaita oili.

Tuanze na swali linaloulizwa sana vijiweni: je, dereva anaposubiri abiria aiache injini ingurume ili oili isipoe?

Swali hili lina msingi wake. Huko Marekani yako mashindano ya magari yanayokimbia mstari ulionyooka, robo maili tu, yaani takriban mita 400, na mbio hizo humalizika kwa sekunde chache. Baina ya mbio na mbio gari husimama kitambo, na baadhi ya mafundi huifunga sampo kwa kipasha joto cha umeme. Hufanya hivyo kwa sababu oili iliyopoa ni nzito: pampu huisukuma kwa taabu, na sehemu ya nguvu ya injini hupotea katika kuikoroga. Mtu anayeshindania sehemu ndogo ya sekunde ana haki ya kulijali jambo hilo.

Sisi wa Pwani tuna hali nyingine. Hata katika kipupwe cha Juni hadi Agosti, usiku wa Dar es Salaam huwa karibu na nyuzi joto 20, na mchana wa Februari hupita 30. Injini iliyotoka Mbagala haipoi kabisa kwa robo saa ya kusubiri abiria. Kuiacha ingurume bure kunaunguza mafuta, kunawavutisha moshi wenye sumu wanaokaa kijiweni, wala hakuipashi oili ipasavyo, kwa kuwa injini isiyo na mzigo hutoa joto dogo. Zimeni injini. Asubuhi mnapoiwasha, ipeni muda mfupi oili ifike juu, kisha ondokeni taratibu, bila kuvuta moto kwa nguvu katika kilomita za mwanzo. Kumbukeni pia kuwa kwenye gari, maji ya rejeta hupata moto kabla ya oili. Mshale wa joto ukikaa katikati, oili bado iko nyuma.

Liko jambo moja zaidi kwa wenye safari fupi fupi. Injini inayozimwa kila mara kabla ya kupata moto hukusanya ndani ya oili unyevu na mabaki ya petroli. Oili ikipata moto wa kutosha, vitu hivyo hugeuka mvuke na kutoka. Isipopata, hubaki na kuigeuza oili kuwa tope. Chombo cha namna hiyo kimwagwe oili mapema kuliko kile kinachokwenda safari ndefu, hata kama kilomita zake ni chache.

Ndugu zangu, habari hii ya joto na baridi ndiyo inayotufikisha kwenye hasara yenyewe.

Oili hubadilika mno kwa joto. Chukueni oili ya 20W-50, inayouzwa sana hapa kwetu. Ikiwa na nyuzi joto 40, uzito wake wa kutiririka, yaani mnato, huwa takriban mara 9 ya ule ilio nao ikifika nyuzi 100. Namba ya kwanza, yenye herufi W, hueleza tabia yake ikiwa baridi. Namba ya pili hueleza tabia yake ikiwa moto. Sasa tazameni tunavyonunua. Tunafika dukani, muuzaji anatutilia oili kidogo kiganjani, tunaisugua baina ya vidole viwili, tunaiona nzito na yenye kung'aa, tunasema hii nzuri. Tumeipima ikiwa baridi, hali injini itaitumia ikiwa moto. Oili chafu iliyochujwa na kutiwa kitu cha kuizidisha uzito inaweza kuvishinda vidole vyetu, kisha ikawa nyepesi kama maji mbele ya pistoni.

Rangi nayo haitoshi kuwa shahidi. Oili njema huwa nyeusi baada ya kazi kwa sababu imeubeba uchafu badala ya kuuacha kwenye vyuma. Kwa hiyo mteja hawezi kuijua oili kwa jicho wala kwa kidole. Kinachomlinda ni maandishi ya chupa, lakiri ya kifuniko, na risiti.

Katika maandishi, angalieni kwanza namba ya mnato, mkiilinganisha na kitabu cha chombo chenu. Pili, angalieni herufi za API: zinazoanza na S ni za injini ya petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele katika alfabeti, ndivyo kiwango kilivyo kipya. Oili ya API SA haina viongezo vya kulinda injini na haifai injini yoyote ya leo, hata ikiuzwa kwa bei ya kuvutia. Tatu, wenye pikipiki watafute alama ya JASO MA. Klachi ya pikipiki nyingi imelowa ndani ya oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viongezo vinavyoifanya iteleze. Kijana hulaumiwa kuwa ameunguza klachi, kumbe kosa lilianzia dukani.

Hapa tunasema na wenye vyombo na vijana wa mkataba kwa pamoja. Pikipiki ya cc 100 hadi 150 hubeba takriban lita moja tu ya oili. Kijana aliyebanwa na hesabu ya siku hushawishika kununua oili ya kupima kutoka kwenye pipa, kwa kuwa leo imempunguzia matumizi. Injini ikinoki miezi michache kabla ya mkataba kwisha, tajiri humwambia kijana ameua chombo, kijana husema chombo kilikuwa kibovu, na hakuna mwenye ushahidi. Aliyelipa kila siku kwa mwaka mzima akitumaini kukimiliki chombo huondoka mikono mitupu. Rahisi huvunja upishi, na mara nyingi mpishi ndiye anayelala njaa. Tunawasihi mwandike katika mkataba nani ananunua oili, ya aina gani, na baada ya kilomita ngapi. Na kila risiti ihifadhiwe, pamoja na tarehe na kilomita za siku hiyo.

Mkishuku kuwa mmeuziwa oili bandia, msiitupe chupa. Hifadhini chupa, oili iliyobaki, risiti na namba ya toleo. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ndilo lenye dhamana ya ubora wa bidhaa. Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hushughulikia bidhaa bandia na udanganyifu dhidi ya mlaji. EWURA husimamia biashara ya mafuta ya petroli na vilainishi. Malalamiko yenye ushahidi hufika mbali kuliko malalamiko ya mdomo.

Mwisho, oili iliyokwisha kazi. Imwageni injini ikiwa vuguvugu, maana hapo hutoka pamoja na uchafu wake. Isiwe ya moto, isije ikawaunguza. Kisha msiimimine mtaroni. Mitaro yetu huelekea Mto Kizinga, na mtambo wa maji wa Mtoni huchota katika mto huohuo. Ikusanyeni kwenye dumu lenye kifuniko na mwulize ofisi ya mtaa ni mkusanyaji gani mwenye kibali. Chupa tupu zitoboeni au mzikate: chupa nzima yenye jina zuri ndiyo mtaji wa anayeuza oili bandia.

Ndugu zangu, hatukuja kuwaambia mnunue oili ya bei ya juu kuliko zote. Tumekuja kuwaomba mnunue iliyoandikwa, iliyofungwa na yenye risiti. Oili itapoa kijiweni na itapata moto tena barabarani. Hilo injini inalimudu. Isilolimudu ni kumiminiwa kitu kisichokuwa oili.